Kuanika dagaa mchangani au kwenye chanja?

Mdogo wangu wa Igombe, umeuliza kama uanze kuanika dagaa kwenye chanja kilichoinuliwa juu ya ardhi, wakati mama anasema mchanga ndio uliowasomesha. Mama hasemi uongo, kwa hiyo usibishane naye. Ila muulize swali moja: masika yaliyopita, dagaa wangapi walioza wakaishia kuwa chakula cha kuku? Mchangani hewa inapita juu tu, na mvua ikinyesha wote wanalowa. Kwenye chanja hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi, na mlaji hatafuni mchanga.

Usibadilishe yote kwa mkupuo. Subiri mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakipumzika, ujenge chanja kimoja cha miti na nyavu kuukuu. Usiku wa giza ukirudi na uvuvi ukianza tena, anika ndoo mbili mchangani na mbili juu, siku hiyohiyo. Wapeleke wote soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kila fungu na gunia lake. Na tafadhali, nenda na mama. Asimame pale mnunuzi anapochota dagaa kiganjani na kuwapuliza, asikie bei kwa masikio yake mwenyewe.