"Asiba" na "demodo" za forman: ni Kikorea au Kijapani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma Kikorea mwaka mmoja na nusu, na sasa nasaidia ukalimani kwenye mradi wa ujenzi unaosimamiwa na Wakorea. Darasani nilikuwa nafanya vizuri, lakini saiti nabaki nimeduwaa. Forman mmoja mzee anaita "demodo!", anataka "asiba" ihamishwe, anauliza "gongguri" itamwagwa saa ngapi. Kamusi yangu haina hata moja. Mhandisi kijana akanicheka, akasema hicho ni Kijapani. Wajapani si waliondoka Korea mwaka 1945? Na mimi niyatumie maneno hayo au niyaache?

JIBU: Marahaba. Mhandisi wako yuko sahihi. Demodo ni temoto ya Kijapani, aliye karibu na mkono wa fundi, yaani saidia fundi. Asiba ni ashiba, mahali pa kukanyaga: lile jukwaa la mabomba wanalopanda mafundi. Gongguri ni zege. Ni neno la Kiingereza lililopita kwanza vinywani mwa Wajapani. Utasikia pia hamba, kibanda cha chakula cha saiti, pale ambapo kwetu ungemkuta mama ntilie.

Maneno haya hayakuingia kwa kalamu. Wakati wa utawala wa Japani, kuanzia 1910, kazi kubwa za ujenzi zilikuwa mikononi mwa wahandisi na wakandarasi wa Kijapani, na vibarua walikuwa Wakorea. Ufundi ukapita kwa sikio, kutoka kwa fundi kwenda kwa saidia wake, na sikio la Mkorea likageuza sauti: t ikikaa kati ya irabu mbili husikika d, k husikika g. Shika kanuni hiyo na mengine mengi utayanusa mwenyewe.

Sisi tuna "shule" na "hela" za Mjerumani na hakuna anayekosa usingizi. Korea jambo hili lina kidonda. Mwaka 1938 Kikorea kilifanywa somo la hiari, kisha kikatoweka shuleni. Mwaka 1940 ikaja amri ya majina, na ndani ya miezi michache takriban asilimia 80 ya kaya zikawa zimeandikisha majina ya ukoo ya Kijapani. Mwaka 1942 wanachama wa chama cha lugha ya Kikorea walikamatwa, wawili wakafia gerezani, na mswada wa kamusi waliyokuwa wakiiandika ukachukuliwa kuwa ushahidi. Uliokotwa Septemba 1945, kwenye ghala la stesheni ya reli ya Seoul. Juzuu la kwanza likatoka 1947.

Watu waliopitia hayo walianza kufagia maneno ya Kijapani mara tu baada ya uhuru. Bento, chakula cha kubeba, ikawa dosirak, na ndivyo kila mtu anavyosema leo. Saiti za ujenzi ufagio haukufika vizuri, kwa sababu hakuna mtu anayefungua kamusi akiwa juu ya jukwaa.

Ila ufagio ule ulifuata kilichosikika kuwa Kijapani. Maneno kama sahoe (jamii), cheolhak (falsafa) na gwahak (sayansi) yalipata maana zake za kisasa Japani katika karne ya 19, yakiandikwa kwa herufi za Kichina. Mkorea aliyasoma kwa sauti ya Kikorea, na hadi leo yanapita bila kuulizwa kitambulisho. Mhandisi aliyekucheka huyatumia siku nzima.

Sheria nayo ilipita mlango huohuo. Korea Kusini iliendelea kutumia sheria ya kiraia ya Kijapani hadi ilipoanza kutumia ya kwake, Januari 1960. Ndani ya hiyo mpya ukabaki mfumo wa hoju: kila familia iandikishwe chini ya mkuu mmoja, kwa kawaida mwanamume, na mke ahamie daftari la upande wa mume. Muundo huo ulitokana na sheria ya familia ya Japani, na Japani yenyewe iliufuta mwaka 1947. Korea uliishi hadi Januari 2008, baada ya Mahakama ya Katiba kuukataa 2005, na waliougombania hadi mwisho walisema wanalinda mila ya mababu wa Kikorea. Huo ndio urithi mzito zaidi kwa maoni yangu, kuliko gongguri mia.

Sasa kazi yako. Jifunze kuyaelewa yote, kwa sababu "asiba inayumba" ni habari unayotakiwa kuishika kabla mtu hajaanguka. Kwa mdomo, na mafundi wazee, yatumie bila wasiwasi. Kwenye ripoti na kumbukumbu za vikao andika bigye badala ya asiba, jogong badala ya demodo, na konkeuriteu badala ya gongguri. Nyaraka rasmi huandikwa hivyo.

Liko neno moja uliache kabisa: nogada, kutoka dokata, kibarua wa kuchimba na kubeba. Wenyewe huitana hivyo kwa utani wakipumzika. Likitoka kinywani mwako wewe mgeni, forman atalipokea kama dharau.