Kabla hujapiga migrate ya kwanza

Wadogo zangu wa fildi, juzi nimesimama nyuma ya kiti cha mmoja wenu namwangalia anaanza mradi wa Django (zana ya kujengea tovuti kwa Python): anapiga startproject, hapohapo migrate (amri inayounda majedwali kwenye databesi), hapohapo createsuperuser, dakika 3 kamaliza, anageuka ananitazama kwa furaha na mimi roho imeshafanya paa. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Siwagombezi, maana video nyingi za kujifunzia Django zinaanza hivyohivyo, ila jamani kuna hatua mmeiruka pale katikati, na ukija kuirudia baadaye ni kazi ya kukesha. Naandika hapa ili kila kundi jipya likija niwape hii kwanza.

1. Modeli ya mtumiaji kwanza, migrate baadaye. Tengeneza app, iite accounts, andika class User(AbstractUser) yenye pass tu ndani (AbstractUser ni ile User ya kawaida ya Django, ila unaweza kuibadilisha), kwenye settings.py weka AUTH_USER_MODEL = 'accounts.User' ili Django ijue mtumiaji ni class hiyo, piga makemigrations, ndipo upige migrate. Uwezo huu upo tangu Django 1.5 ya mwaka 2013, na dokumentesheni yenyewe kwa miaka mingi ilishauri ufanye hivyo hata kama User ya kawaida inakutosha leo. Najua mtasema "sitaihitaji". Na mimi nilisema.

Hii ngoja niwasimulie yote. Nilijenga mfumo wa chama cha kuweka na kukopa, wanachama wanaingia kwa username, mfumo upo hewani mwezi wa 4 sasa. Uongozi ukaniambia watu wanasahau username kila siku, lakini namba ya simu kila mtu anaijua kichwani, tuwawekee waingie kwa namba. Ombi la haki kabisa. Kwenye laptopu yangu nikabadilisha AUTH_USER_MODEL, ikagoma, nikafuta db.sqlite3 (databesi ya majaribio) na mafaili ya migresheni, nikaanza upya, ikakubali, nikajua nimemaliza. Ijumaa usiku nikapeleka kwenye seva, huko databesi ni Postgres na kuna hela za watu. Ikanirushia InconsistentMigrationHistory, kwamba admin.0001_initial imeshapita kabla ya accounts.0001_initial inayoitegemea. Ule ujumbe ulikuwa unanishika mkono nisiendelee, mimi nikajichomoa. Nikafuta mistari kwenye django_migrations (jedwali linalokumbuka migresheni zilizopita), nikapiga migrate --fake, ikapita kimya, nafungua saiti naambiwa relation "accounts_user" does not exist. Ndiyo, maana --fake inaandika tu kwamba kazi imefanyika, jedwali haiundi. Saa 8 usiku nikaliunda jedwali, nikawatoa watu kwenye auth_user, lile jedwali la zamani la watumiaji, nikawapeleka CSV, nikawaingiza kwa skripti. Skripti ilibeba jina, simu na pasiwedi iliyohashiwa (imegeuzwa isisomeke). Id, ile namba ya kila mtu ambayo mikopo inamtambulia, haikubeba. Nikalogin, naona watu wote wapo, nikaenda kulala.

Jumamosi saa 4 asubuhi mama mmoja anampigia mweka hazina, sauti inatetemeka, simu yake inamwonyesha anadaiwa 850,000 na hajakopa hata siku moja tangu ajiunge. Kilichotokea ni hiki: kwenye jedwali la zamani kulikuwa na akaunti 3 zilizowahi kufutwa, kwa hiyo kulikuwa na mapengo. Postgres ilipogawa id upya kuanzia 1, mapengo yakazibika, kila aliyekuwa baada ya pengo la kwanza akasogea nafasi moja, baada ya la pili mbili, na mikopo imebaki na namba zilezile za zamani. Mama alikuwa 48, sasa ni 47, na mkopo wa 47 ni wa mtu aliyemtangulia kwenye orodha. Hakuna eraa hata moja kwenye logi, mfumo unaendesha vizuri kabisa huku ukiwabambikia watu madeni.

Kilichoniokoa ni kwamba auth_user sikuwa nimeifuta. Tukafunga mfumo, nikakopi watu upya pamoja na id zao, nikapiga sqlsequencereset nikaendesha ile SQL inayotoa, bila hivyo mwanachama mpya wa kwanza angegongana na id iliyopo. Lakini mpaka tunafunga, mweka hazina alikuwa ameshaingiza marejesho 19, na mengi yameingia kwa watu siyo. Nikapanda basi nikaenda, tukakaa siku 2 na daftari lake la risiti, yeye kidole kinashuka mstari kwa mstari, mimi naingiza. Hakunigombeza. Kila mstari aliniuliza tu, "Na huyu una uhakika ni yeye?" Mpaka leo nikiandika skripti ya kuhamisha watu naisikia sauti ile.

Ukijikuta umeshachelewa kama mimi, class yako iite User na kwenye Meta weka db_table = 'auth_user' ili ishike jedwali lilelile bila kumhamisha mtu, na zoezi zima ulifanye kwanza kwenye kopi ya data halisi, Postgres kwa Postgres, kabla hujagusa seva.

2. Kwenye ForeignKey (sehemu inayounganisha rekodi na mtumiaji wake) andika settings.AUTH_USER_MODEL, kwingine kote tumia get_user_model().

3. AbstractBaseUser, ile inayokuachia ujenge karibu kila kitu mwenyewe, muiache mpaka muwe na sababu ya kueleweka, wengi wenu mnachotaka ni AbstractUser yenye username = None na USERNAME_FIELD = 'simu', halafu muandike meneja wenu, maana create_user ya kawaida inadai username. Na simu usiirudie kwenye REQUIRED_FIELDS.

4. Kwenye adimini (kurasa za usimamizi za Django), rithi UserAdmin. Kuna mdogo wetu alitumia ModelAdmin ya kawaida, kisanduku cha pasiwedi kikaonyesha hashi, akaifuta akaandika pasiwedi mpya, ikaseviwa kama ilivyo, peupe, na mwenye akaunti hakuweza kuingia. Ukishaitoa username rekebisha list_display na ordering, la sivyo check (ukaguzi wa Django) itakupigia kelele, na fieldsets na add_fieldsets pia, maana hizo check haizioni, utagundua ukurasa wa mtumiaji ukigoma kufunguka.

5. 0712…, 255712… na +255712… ni mtu mmoja, ila databesi inaona watu watatu. Chagua mtindo mmoja, na usafishe namba wakati wa kusevu na wakati wa kulogin pia, hapo kwenye login ndipo mnapasahau. Na kama imeili ni hiari lakini umeweka unique=True, weka null=True na usevu None, la sivyo mtu wa pili asiye na imeili atakataliwa kwa sababu wa kwanza ameshachukua ule utupu.

Yule wa juzi tulikaa naye. Databesi yake ilikuwa na mtumiaji mmoja tu, superuser wake mwenyewe, tukaifuta tukaanza upya, dakika 10 hazikuisha.