Mdogo Wangu, Hujawa Mtu Mbaya

Wiki iliyopita muuguzi kijana aliniandikia: "Dada, siku hizi mgonjwa akifa sihisi kitu. Natandika kitanda, najaza faili, naendelea. Nimekuwa mtu mbaya?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini najua hayuko peke yake, kwa hiyo nakuja kulisema hapa kwa kirefu.

Hapana, mdogo wangu. Umechoka, tena uchovu usiotoka kwa kulala.

Mimi yalinikuta wodi ya watoto. Kulikuwa na mtoto aliyelazwa muda mrefu, akiitambua sauti yangu kabla sijafika kitandani kwake. Alifariki alfajiri, zamu ya usiku ikielekea kwisha. Tulimsafisha, tukamfunga, akachukuliwa, na kitanda kikapokea mwingine papo hapo. Nikaingia chumba cha dawa, machozi yakanishinda. Mkuu wa wodi akanikuta, akaniambia mbele ya wanafunzi: "Hapa tumekuja kazini. Kulia kalie kwenu."

Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma. Kilio kilikoma kweli. Baada ya kilio, hata majina ya wagonjwa yakapotea mdomoni mwangu; wakawa "kitanda cha sita", "yule wa figo", "yule msumbufu". Nyumbani nilijibu watu kwa mkato, wanangu wakazoea kuninyamazia. Hakuna aliyeniuliza nina nini, maana kazi ilikuwa inakwenda na dawa zinatolewa kwa wakati.

Baadaye nilipoanza kusoma ndipo nikajua hali hii inafahamika, na kwa Kiingereza huitwa burnout. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022, na likasema wazi kwamba si ugonjwa bali ni jambo litokanalo na kazi: msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Alama zake ni tatu. Nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona huna tena ufanisi. Hiyo ya pili ndiyo uliyoniandikia. Basi asikuambie mtu kwamba ni upungufu wa imani au malezi.

Walimu wetu walitufundisha kumwona kila mgonjwa kama mama yako mzazi. Sikubaliani nao. Ni nani anayeweza kufiwa na mama kila zamu? Mtafiti wa ubongo Tania Singer na wenzake wameonyesha kwamba kuyabeba maumivu ya mtu kana kwamba ni yako, na kumtakia nafuu kwa upendo, ni vitu viwili, na ubongo hautumii njia moja kwa vyote viwili. Cha kwanza kinakuumiza na kukufanya utake kukimbia. Cha pili kinakupa nguvu ya kubaki, na mtu anaweza kujifunza. Nikisimama kitandani sasa sijiulizi "ingekuwa mwanangu?" Najiuliza "anahitaji nini kwangu sasa hivi?" Pengine ni maji. Pengine ni kugeuzwa upande, au kuelezwa majibu yake bila kufichwa.

Jambo jingine nililichukua kwa Jonathan Bartels, muuguzi wa huko Virginia, Marekani. Mgonjwa akifariki, wote waliomhudumia husimama kimya kidogo kumheshimu kabla ya kutawanyika. Nilipolipeleka wodini kwetu wapo walionuna, na daktari mmoja akasema hatuna muda. Linachukua chini ya dakika moja! Leo ni desturi yetu, na naona fahari kwamba mimi ndiye niliyelianzisha.

Kwa hiyo sema. Mtafute mwenzako wa zamu, mwambie lililokukuta. Siku ya mapumziko pumzika kweli; zima kundi la WhatsApp la wodi. Sema tena, usikae nalo. Na ukiona usingizi umekata, unakunywa ili ulale, au unawaza kufa, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili leo hii. Umepeleka wagonjwa wangapi rufaa? Jipeleke na wewe. Hata kiapo cha madaktari cha Geneva, kiliporekebishwa 2017, kiliongezwa ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili ahudumie vizuri.

Lakini nyinyi wakuu wa wodi na matroni mnaosoma hapa, msimwachie kijana huyu mzigo wote. Semina ya kupumua polepole haizibi pengo la muuguzi mmoja kubaki na wodi nzima usiku. Fungueni ratiba ya mwezi ujao mwone nani amepangiwa usiku mfululizo, na nani hajaenda likizo tangu mwaka jana. Anzeni na hao, na mwenzenu akilia chumba cha dawa, shikeni zamu yake kidogo amalize.