Maswali ya Wasomaji: Siku nilizokaa nyumbani zinahesabika kwenye majaribio?

Barua za safari hii nyingi zimetoka huku kwetu nyanda za juu kusini, na karibu zote ni za watumishi wapya wanaouliza jambo lilelile kwa sura tofauti, kwamba kazi ikivurugika kwa sababu ambazo si zao, watu wakaambiwa wakae nyumbani au mtandao ukakatika, mtumishi mpya aliye bado kwenye miezi ya majaribio, hajathibitishwa kazini, anaponaje. Nimechagua tatu. Kwa anayesoma safu hii mara ya kwanza, nimekuwa afisa utumishi kwenye halmashauri miaka mingi, sasa nimestaafu niko Uyole nalima viazi, ila mafaili bado nayaota usiku.

Barua ya kwanza

*Shikamoo mama. Mimi ni Msaidizi wa Kumbukumbu kwenye halmashauri moja ya mkoa wa Mbeya, ajira mpya, niliripoti tarehe 13 Oktoba 2025. Hata wiki tatu sijamaliza ukaja uchaguzi wa tarehe 29, intaneti ikakatika, kesho yake tukatangaziwa watumishi wafanyie kazi nyumbani isipokuwa wale ambao kazi zao zinawalazimu wawepo. Sasa mama mimi nyumbani nafanya nini, mafaili yako masijala, kompyuta sina, mtandao hamna, nilikaa chumbani tu nasikiliza redio. Tuliporudi msimamizi wangu akasema zile siku kwa mtu wa majaribio hazihesabiki kwahiyo miezi yangu 12 itasogea mbele. Na mshahara wa Oktoba sikupata, wa Novemba sikupata, Desemba ukaingia wa mwezi mmoja tu. Nikiuliza naambiwa vumilia, wenzako walikaa zaidi. Je wamenikata kwa ajili ya zile siku? Na hayo ya majaribio ni kweli? – Mpya, Tukuyu*

Marahaba mwanangu, pole sana, na kwa kweli ile wiki kila mtu aliishi kwa wasiwasi sembuse mtoto mgeni kwenye chumba cha kupanga.

Nianze na majaribio. Miezi 12 inahesabiwa kwa kalenda, kuanzia tarehe uliyoripoti iliyoandikwa kwenye barua zako, haihesabiwi kwa siku ulizokaa kwenye kiti. Agizo la kufanyia kazi nyumbani lilitoka serikalini tarehe 30 Oktoba, hukujiamulia mwenyewe, kwahiyo zile siku ulikuwa kazini kwa maelekezo ya mwajiri wako, si likizo, si ruhusa, na wala si utoro. Kanuni zinapozungumzia utoro unaoweza kumfukuzisha mtu kazi zinataja kutokuwepo zaidi ya siku 5 bila ruhusa au sababu ya msingi, sasa aliyeambiwa na serikali akae nyumbani sababu gani ya msingi inazidi hiyo.

Ila nisikudanganye, majaribio yanaweza kuongezwa. Miezi ikiisha mamlaka ya ajira ina njia tatu, kukuthibitisha, kukuongezea muda, au kusitisha ajira, na kinachoangaliwa ni utendaji wako na mwenendo wako kwa kipindi chote, na ukiongezewa muda unatakiwa uambiwe kwa maandishi. Hayo maneno ya msimamizi wako ya kwenye korido hayana nguvu yoyote mpaka yawe barua. Lakini pia usijidanganye upande wa pili kwamba miezi 12 ikipita kimya basi umethibitishwa wewe mwenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi kwenye kesi ya mfanyakazi wa benki, ikasema muda wa majaribio kwisha peke yake hakumfanyi mtu kuwa amethibitishwa, na ingawa ile ilikuwa benki, nyie wa serikalini pia mnasubiri barua. Usikae miezi 15 unasubiri wakukumbuke. Mwezi wa kumi na moja andika barua ya kuomba kuthibitishwa, ipitie kwa mkuu wa idara yako iende kwa Mkurugenzi.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yote, maana nimeona vijana wakiumia kwa jambo hili na walikuwa wachapakazi kabisa. Siku ya kukujadili kama uthibitishwe, mle ndani hamna mtu anayekumbuka ulikuwa unafika saa moja na nusu ukungu bado umeshika Tukuyu yote. Linafunguliwa faili lako binafsi, basi. Mwaka fulani nilifungua la binti mmoja, kazi yake naijua kwa macho yangu, nikakuta karatasi nne, barua ya ajira, fomu ya kuripoti, fotokopi ya cheti, na barua ya kuomba ruhusa ya msiba. Karatasi ya nne ndo iliyokuwa inaongea kuhusu mwaka wake mzima! Akaongezewa muda. Mwingine alikuja na kauntabuku imefungwa nailoni isilowe mvua, kila siku mistari miwili mitatu, leo nimefungua majalada mapya 6, leo umeme ulikatika saa nne hadi saa tisa nimepanga kabati kwa mkono, na kila Ijumaa msimamizi wake kasaini pembeni. Huyo hatukumjadili hata dakika tano.

Kwahiyo wewe ambaye ni mtu wa masijala, folio, zile namba za karatasi ndani ya faili, unazijua, andika dokezo la ukurasa mmoja kwa msimamizi wako. Sema uliripoti tarehe fulani, sema agizo la tarehe 30 Oktoba lilikukuta huna vitendea kazi vya kufanyia kazi nyumbani na nyaraka unazozihudumia haziruhusiwi kutoka ofisini (na hilo ni kweli, msaidizi wa kumbukumbu akibeba majalada kwenda nayo geto hapo ndo angepata kesi ya maana), sema siku ya kurudi ulirudi, na taja kazi ulizozimalizia baada ya hapo. Usilalamike humo ndani, usitaje mtu. Nakala gonga muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, nyingine hakikisha inaingia kwenye faili lako na ina namba ya folio.

Sasa hela. Mwanangu hujakatwa, hujalipwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Mtumishi wa majaribio analipwa mshahara kamili wa ngazi yake, hakuna nusu mshahara ya majaribio serikalini, na unastahili kuanzia siku uliyoripoti. Kilichotokea kwako, kwa jinsi ninavyoujua mfumo, ni kwamba taarifa zako zilichelewa kuingizwa. Kila mwezi kuna siku mfumo wa mishahara unafungwa ili Hazina ilipe, jina lisipokuwa limekamilika na kuidhinishwa kabla ya hapo mwezi huo unakupita. Uliripoti tarehe 13, karatasi zako zikawa bado zinazunguka, halafu mtandao ukazima siku za mwisho wa mwezi, yaani zile siku ziligusa mshahara wako kweli ila kwa njia ya kompyuta ya afisa utumishi wala si kwa sababu ulikaa nyumbani.

Hizo siku za Oktoba na mwezi wote wa Novemba zinaitwa malimbikizo ya mshahara, ni deni lako halali. Oktoba wanakuhesabia siku, kuanzia 13 mpaka 31 ni siku 19, kwa mfano mtu wa kima cha chini cha serikali cha sasa, shilingi 500,000 kilichoanza Julai 2025, anazidisha mara 19 anagawa kwa 31 anapata kama shilingi 306,450 kabla ya makato. Weka ngazi yako upate yako. Peleka barua ya madai ukiambatanisha barua ya ajira, uthibitisho wa kuripoti, slipu yako ya kwanza ya mshahara, na taarifa ya benki inayoonyesha Oktoba na Novemba hamna kitu. Halafu muulize afisa utumishi swali moja tu kwa upole, madai yangu yameshaingizwa kwenye mfumo au bado? Maana barua inaweza kulala kwenye trei mwaka mzima wakati wewe unajua umeshadai.

Na hiyo slipu ya kwanza usiiangalie kiasi tu ukafurahi, angalia tarehe ya ajira waliyoandika. Wakiandika 1 Desemba badala ya 13 Oktoba, hapo ndo majaribio yako yatasogea kweli, malimbikizo yatapotea, na hata mfuko wa pensheni, PSSSF, utakuhesabia kuanzia huko. Ukiona imekosewa lia leo usisubiri, mimi nimewahi kuhangaika na mzee anayestaafu kwa kosa la tarehe lililofanyika siku ya kwanza ya kazi yake. Makato yakikushtua, ya kwako PSSSF ni asilimia 5, bima ya NHIF asilimia 3, na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hayo hayana uhusiano na kukaa nyumbani.

Barua ya pili

*Mama shikamoo. Mimi ni muuguzi, Kyela, nina miezi minne kazini. Siku hizo wenzetu wa ofisini wanakaa nyumbani sisi tulikuwa zamu kama kawaida, tena usafiri hamna nilitembea. Na mshahara tumelipwa sawa. Hatustahili nyongeza?*

Marahaba, na asante kwa kwenda, najua wajawazito hawasubiri hali itulie.

Kwa utaratibu wa malipo hapana mwanangu, zamu yako ya kawaida ni zamu yako ya kawaida, agizo lenyewe liliwaacha nje watu wa kazi kama yenu. Lakini kama ulizidisha saa kwa sababu wa kukupokea hakufika, au uliitwa ukiwa umepumzika, hizo zina posho zake na zinadaiwa kwa rota iliyosainiwa na mganga mfawidhi au mkuu wa wodi. Rota ya siku hizo itafute kabla hawajaibandua ukutani, piga picha. Na hiyo rota kwako wewe wa majaribio ina thamani kuliko hiyo posho, iombee iingie kwenye faili lako.

Barua ya tatu

*Habari za kazi mama, mimi mwalimu wa ajira mpya, Makete, kata yetu mtandao unashika ukipanda mlimani kwenye miti ya misindano tu na mvua ikianza ndo basi kabisa. Mwalimu mkuu anasema PEPMIS yangu, ule mfumo wa mtandaoni wa kupimia utendaji, imejaa majukumu ambayo sijayahuisha na alama ni ndogo, na kwamba kwa alama hizo sitathibitishwa. Mimi vipindi vyote naingia. Cheki namba yenyewe, ile namba ya mtumishi, nilichelewa kupata, miezi miwili nilikuwa sina hata pa kuingilia. Nifanyeje?*

Salama mwalimu. Makete naijua, baridi ya Juni pale ukipanda mlimani kutafuta mtandao vidole havibonyezi simu.

PEPMIS ilipokuja kuchukua nafasi ya OPRAS ilikuwa na nia nzuri, ile ya zamani watu walikuwa wanajaza makaratasi mwisho wa mwaka kwa kukisia, ila mfumo unaona kilichoingizwa tu, hauoni darasa. Na mtandao si wa kuaminika hata mjini, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika hata Dar es Salaam walikaa wanaangalia skrini, sembuse Makete. Kwahiyo shida yako inaelezeka kabisa, tatizo ni kwamba mpaka sasa umeieleza kwa mdomo tu.

Kwanza ile miezi miwili bila cheki namba. Bila cheki namba huingii kwenye mfumo wa watumishi, na bila kuingia huko PEPMIS hauioni, kwahiyo hakuna haki mtu kukupima kwa kipindi ambacho mlango ulikuwa haujafunguliwa. Andika kwa mwalimu mkuu, taja tarehe ya kuripoti na tarehe uliyopata cheki namba, omba majukumu yapangwe kuanzia hapo. Pili, usihuishe jukumu mojamoja kila siku, utamaliza bando na miguu. Andika kwenye daftari wiki nzima, siku ya kwenda mjini kuchukua mshahara au mahitaji ingiza yote kwa mkupuo, halafu mwambie mwalimu mkuu siku hiyohiyo ili naye aingie aidhinishe, maana mara nyingi alama inaonekana ndogo kumbe wewe umeshajaza na msimamizi ndo hajagusa. Muulize hilo bila kumlaumu, naye mtandao wake ni uleule wa kwenye misindano.

Tatu, kumbuka wewe ni mwalimu, kuthibitishwa kwako kunapitia Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ofisi yao ya wilaya ipo. Mwalimu mkuu anatoa taarifa yake na ina uzito, lakini yeye siye anayekuthibitisha. Andalio la somo, azimio la kazi, daftari la mahudhurio, lile kabrasha la kukaguliwa, vyote hivyo ni ushahidi, vitunze pamoja mahali pakavu.

Mwenzako mmoja wa kutoka Mafinga ameniuliza, je ikifika mtu kasitishwa kabisa aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi? Kwa mtumishi wa umma siyo hatua ya kwanza. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kinasema umalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo, na rufaa kwenda Tume ya Utumishi wa Umma ina siku 45 tu tangu upate uamuzi. Watu wanazimaliza wakiwa bado wanalia kwa ndugu. Barua ukiipokea andika nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea, hapohapo mbele ya aliyekupa, ndipo uisome.