Muhuri wa mtendaji si usajili

SWALI: Mwaka 2019 mimi na mume wangu tuliandikishana: nyumba tunayoishi Masasi iwe yangu, mikorosho ya Newala iwe yake. Mtendaji aligonga muhuri mbele ya mashahidi wanne. Hati ya nyumba ina jina la mume peke yake, na sasa nasikia anataka kuiweka rehani. Makubaliano si yalishasajiliwa? (Mama wa watoto wawili, Masasi)

JIBU: Hapana, mama. Karatasi kama yako naletewa kila msimu wa korosho ukiisha, fedha zikishaingia na ugomvi kuanza. Imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa plastiki pamoja na stakabadhi za ghala, dole gumba limevuja wino wa bluu, mihuri mitatu imepandana. Mwenyewe anaiita "hati".

Si takataka. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawaachia wanandoa nafasi ya kukubaliana kuhusu mali zao, kwa hiyo kati yako na mumeo ina uzito. Lakini benki haijawahi kuiona. Benki inapekua daftari la Msajili wa Hati, na humo yumo mumeo tu. Mtendaji hata angegonga mihuri kumi, daftari hilo si lake.

Tena hata usajili wenyewe watu wanaupa nguvu usizo nazo. Hautibu makubaliano uliyosainishwa kwa vitisho. Wala hauifungi mahakama mikono: ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaitaka ipime mchango wa kila mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kupika na kulea nako ni mchango. Kazi ya usajili ni kutoa taarifa, mtu wa nje asije akasema "sikujua".

Na hapo ndipo penye shida yako. Kifungu cha 59 kinamkataza mumeo kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, karatasi iwepo isiwepo. Ila aliyeipokea akithibitisha kwamba hakujua, na hata angeuliza vizuri asingejua, kinga yako inatetereka. Nenda ofisi ya ardhi wiki hii ukaweke zuio, yaani angalizo kwenye daftari kwamba nawe una haki humo, na cheti cha ndoa mkononi. Mkopo ukishatoka ni kesi, na kesi ni miaka.

Vishoka, yaani mawakili bandia, watakwambia watakutengenezea "makubaliano yaliyosajiliwa" siku hiyo hiyo. Mtu akijiita wakili, tafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili, kabla hujatoa hata nauli. Hao hao ndio wanaomwandalia mume kiapo kwamba hana mke, au wanamtafutia mwanamke wa kusaini fomu ya ridhaa ya mwenza. Mteja wangu mmoja aliikuta sahihi yake kwenye fomu kama hiyo, ya mwandiko wa kulala, mzuri kweli. Yeye hajui kuandika. Maisha yake yote anatia dole gumba.