Usimchune ng'ombe aliyekufa ghafla

Ndugu, umeuliza iwapo ng'ombe wako, aliyekutwa amekufa alfajiri huku tumbo limevimba na damu ikimtoka puani, anaweza kuchunwa ili nyama isipotee. Nakusihi usimpasue. Wengi husingizia nyoka, lakini kifo cha ghafla, damu nyeusi isiyoganda na mzoga usiokakamaa ni dalili za kimeta, ugonjwa hatari wa mifugo unaoweza kumwambukiza hata mtu, na mzoga ukipasuliwa, vimelea hukutana na hewa na kujigeuza kuwa mbegu ngumu ambazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mnyama mwingine aje kula nyasi mahali hapo.

Mpigie afisa mifugo wa kata leo hii, umweleze mahali mzoga ulipo, saa ulipouona, idadi ya wanyama waliokufa na kundi lilikochungwa karibuni. Wakati ukimsubiri, funika mzoga kwa turubai, zuia mbwa na uhamishe mifugo iliyobaki. Yeye ndiye atakayechukua sampuli, mara nyingi tone la damu kutoka sikioni, na kusimamia uchomaji au uzikaji wa kina. Uchungu wa kufukia ng'ombe mzima naujua.

Aliyekwisha kuushika mzoga akitokwa na kidonda chenye kigaga cheusi kisichouma, aende hospitali mara moja na ataje mzoga huo.