Ukimpeleka Mgonjwa Chennai, Jipange Hivi

Familia ikishachanga na safari ya matibabu India ikishaiva, watu hunipigia simu kuuliza hospitali ipi ni nzuri. Swali hilo mwulize daktari wako. Mimi ninachowauliza ni hiki: mtafikia wapi, na mgonjwa atakula nini? Daktari mtaonana naye kwa dakika chache. Saa zote zilizobaki mtakuwa chumbani, njiani, au kwenye foleni ya vipimo. Mgonjwa asiyelala wala kula vizuri huchoka kabla tiba haijaanza kufanya kazi. Nilimuuguza mama yangu Chennai, na haya ndiyo ninayowaambia watu wangu.

Chennai ndiyo Madras ya zamani, jina lilibadilishwa mwaka 1996. Ni mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, ufuoni kabisa, upande wa mashariki wa India ya kusini. Watu wake ni Watamil na wanajivunia lugha yao, kwa hiyo Kihindi ulichookota kwenye sinema kiache nyumbani. Kiingereza ndicho kitakachokuvusha, hasa hospitalini. Ukitaka kupokelewa vizuri mtaani, mwite dereva au muuzaji "anna", kaka mkubwa, na mama wa sokoni mwite "akka", dada mkubwa. Ni heshima ile ile tuliyolelewa nayo, na nimeona sura zikikunjuka kwa neno hilo moja.

Tuanze na karatasi. Mgonjwa aombe viza ya matibabu, na anayemsindikiza aombe ya msindikizaji. Kwa viza za mtandaoni, mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili, wasizidi hapo. Msijaribu kupita na viza ya utalii kwa sababu tu imetoka haraka. Hospitali ikupe barua ya mwaliko, na majina yote yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Ombeni kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinatoza zaidi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. India huidai kwa wanaotokea au waliopitia nchi zilizo kwenye orodha yake, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Ethiopia, na asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanja siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka.

Wengi hupitia Doha, Dubai, Addis Ababa au Mumbai. Mkipita Mumbai, uhamiaji mnagongewa hapo hapo, mizigo mnaichukua, kisha mnahamia ndege ya ndani, ambayo mara nyingi inaruhusu kilo chache kuliko ile mliyotoka nayo. Kwa mgonjwa anayetembea kwa shida, badala ya kuokoa hela kidogo kwa kupitia huko, mimi ningelipa zaidi nishukie Chennai moja kwa moja. Kiti cha magurudumu kiombeni mapema wakati wa kukata tiketi.

Kama tarehe iko mikononi mwenu, Januari na Februari ndiyo miezi ya kwenda. Kuanzia Aprili hadi Juni joto hupanda hata kupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari juu yake. Mvua zao kubwa ni za Oktoba hadi Desemba, na si za kuchezea: Desemba 2015 mafuriko yaliuzamisha mji, na Desemba 2023 kimbunga Michaung kikaleta mengine. Ugonjwa hausubiri majira, najua. Mkilazimika kwenda miezi ya mvua, chukueni chumba cha ghorofani.

Sasa malazi, na hapa nakusihi usikilize. Tafuta nyumba ya wageni yenye jiko, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hospitali. Hospitali kuu ya Apollo, iliyofunguliwa 1983, iko Greams Road, na mitaa inayoizunguka imejaa nyumba za kupangisha wagonjwa na jamaa zao. Sankara Nethralaya, ya macho, iko Nungambakkam, si mbali na hapo. Taasisi ya saratani iko Adyar, kusini zaidi, kwa hiyo anayekwenda huko asipange Greams Road kwa kuwa tu jirani yake alikaa huko. Usilipe mwezi mzima kabla ya kukiona chumba. Lipa usiku wa kwanza, kisha kagua: lifti inafanya kazi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga hawezi kuchuchumaa. Kuna kiyoyozi, na bili ya umeme nani analipa? Uliza pia kama wana kibali cha kupokea wageni wa nje, kwa sababu sheria inamtaka mwenye nyumba kuwaandikisha ndani ya saa 24. Asiyetaka kuwaandikisha, mkimbieni. Hospitali nyingi hutoa pasi kwa msindikizaji mmoja tu kulala wodini, hivyo mkiwa wawili, mmoja atakuwa anarudi chumbani usiku. Ndiyo maana nasema umbali wa miguu.

Chakula kilikuwa hofu yangu kubwa, maana mama hakuwa anagusa chochote chenye pilipili. Kumbe nusu ya jiko letu iko pale pale. Ingia duka lolote la mtaani utakuta mfuko umeandikwa Ragi: huo ni ulezi. Uji wa mama niliukoroga kila asubuhi kwa unga huo, na siku za joto watu wao wenyewe huunywa barabarani ukiwa umepoa, umechanganywa na maziwa ya mtindi, kitunguu kibichi pembeni. Asubuhi mapema kina mama hukaa kando ya njia na mafungu ya mboga za majani, wao wanaita "keerai", na mojawapo ni mchicha. Bamia, mihogo, mlonge na nazi vipo tele. Ukifika soko la samaki la Chintadripet ulizia "vanjaram", utaonyeshwa nguru, na watakukatia vipande unavyotaka. Kitakachokusumbua ni ugali. Pakiti iliyoandikwa Corn Flour ni wanga wa kuifanya supu iwe nzito, usonge hadi kesho hautakuwa ugali. Bebeni kilo kadhaa za sembe.

Siku ambazo hukupika, idli ndiyo rafiki wa mgonjwa: ni kitumbua laini cha mchele na choroko nyeusi kilichopikwa kwa mvuke, hakina pilipili. Chatne na sambar, yaani mchuzi wa dengu, ndizo zenye moto, hivyo ziombwe pembeni. Sema "kaaram vendaam", sitaki ukali, na watakuelewa. Wali wa mtindi nao hutuliza tumbo. Pakiti zenye alama ya kijani ni za chakula kisicho na nyama. Waislamu wakitaka nyama halali waende Triplicane, kitongoji chenye Msikiti Mkubwa wa Wallajah uliojengwa 1795. Maji ya bomba msinywe. Nyumba nyingi huletewa dumu la lita 20, ni nafuu kuliko chupa ndogo. Madafu yanauzwa kila kona, lakini mgonjwa wa figo asiyaguse kabla ya kumwuliza daktari, yana potasiamu nyingi.

Usafiri. Bajaji wao wanaiita "auto", na mita utaiona ila haiwashwi. Njia ya amani ni kuagiza kwa programu ya simu, Uber, Ola au Rapido, bei unaiona kabla. Dereva atakupigia akiongea Kitamil. Mpe simu mlinzi wa nyumba amwelekeze, nilikuwa nafanya hivyo na hakuna aliyekataa. Metro, treni ya mjini, ilianza 2015, inafika hadi uwanja wa ndege, ni safi na ina lifti. Kwa msindikizaji anayekwenda kununua vitu, hakuna kilicho bora. Laini ya simu inunueni siku ya kwanza kwa pasipoti na viza, kwa kuwa bila namba ya India programu nyingi hazifunguki. Na plagi zao ni za pini za duara, zetu za pini tatu za bapa haziingii. Nunueni adapta kabla ya safari.

Fedha. Dola taslimu zikizidi 5,000 lazima mzitangaze forodhani mnapoingia. Bili kubwa husemwa kwa laki, na huandikwa hivi: 1,50,000. Hiyo ni laki moja na nusu, mkato usikuchanganye, na ni rupia, si shilingi. Sheria ya India inakataza kupokea taslimu kuanzia laki 2 za rupia kwa malipo mamoja, hivyo fedha ya upasuaji itumeni benki kwenda hospitali. Kabla ya kulazwa, ombeni makadirio kwa maandishi na mwulize maneno haya: bei hii inajumuisha dawa, vifaa, na siku ngapi za ICU, wodi ya wagonjwa mahututi? Mgonjwa akizidisha siku, nani anatupa hesabu, na lini? Mimi nilikuwa naomba hesabu ya bili kila jioni. Hospitali inayokataa kukuonyesha inakoelekea hela yako inakupa sababu ya kuuliza zaidi. Dawa na kila kitu cha pakiti vina bei ya juu kabisa iliyopigwa chapa, MRP, na ni kosa kukuuzia zaidi ya hiyo.

Mtu anayeuguza naye apumzike. Jioni mgonjwa akiwa na nafuu, nendeni ufuo wa Marina mkapunge upepo. Kuogelea hapo ni marufuku, mkondo unaua, lakini mahindi ya kuchoma ya ndimu na chumvi yapo, na dengu zenye nazi. Mkristo akihitaji kuomba, kanisa la San Thome limejengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso, kama Wakristo wa huko wanavyoamini karne kwa karne. Mtakodolewa macho na kuombwa picha, mara nyingi bila nia mbaya, na mna haki ya kukataa.

Siku ya kurudi, dai ripoti ya kuruhusiwa yenye majina halisi ya kitabibu ya dawa zote, siyo ya kibiashara tu, maana duka la Kariakoo halitazijua chapa za huko. Chukueni picha za vipimo kwenye diski, barua ya daktari kwamba mgonjwa anaweza kupanda ndege, na namba au barua pepe ya kumfuata daktari baadaye. Dawa ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na cheti chake. Mlangoni mwa uwanja wa ndege askari huangalia tiketi na pasipoti, na asiyesafiri haingii, kwa hiyo kama kuna mwenyeji anayewasaidia kumbeba mgonjwa, hakikisheni kiti cha magurudumu kimeshafika nje kabla hajawaaga.